Vyombo vya Umeme Vilivyokwisha Kazi

Mwezi huu twaleta somo juu ya jambo ambalo zamani halikuwako katika ofisi zetu, na sasa liko karibu kila mahali penye umeme. Ukifungua stoo ya shule, au ya zahanati, au ya ofisi ya usharika, mara nyingi utakuta vitu hivi: kompyuta isiyowaka, printa isiyovuta karatasi, betri zilizovimba, taa ndefu za tyubu zilizoungua, friji isiyopoza tena, na waya zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Vimekaa hapo miaka miwili, mitano, hata kumi. Hakuna anayevitumia, wala hakuna anayethubutu kuvitupa, maana vilinunuliwa kwa fedha nyingi na vimeandikwa katika daftari ya mali.

Kisha siku moja stoo hujaa. Mkuu wa kazi husema, "Ondoeni takataka hizi." Hapo ndipo swali letu linapoanza: Vikiondolewa, viende wapi? Watu wengi hulijibu kwa njia tatu. Mmoja huchimba shimo nyuma ya nyumba akavifukia. Wa pili huvichoma moto pamoja na majani makavu. Wa tatu humwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akapokea shilingi chache, akafurahi kwamba stoo imekuwa safi. Njia zote tatu zaonekana kuwa za akili. Lakini twataka kuonyesha ya kuwa zote tatu zina hatari, na ya kuwa iko njia ya nne iliyo bora. Neno la kukumbuka katika somo hili ni moja tu: chombo kikitoka mlangoni mwetu, wajibu wetu hautoki pamoja nacho, mpaka kimefika mikononi mwa mtu ajuaye kukifungua pasipo kumdhuru mtu.

I. Ndani yake mna nini?

Meza ya mti ikivunjika huwa kuni. Sufuria ikitoboka hubaki kuwa sufuria iliyotoboka, na mhunzi aweza kuiyeyusha. Lakini chombo cha umeme si kitu kimoja. Ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja: chuma, shaba, alumini, plastiki, kioo, dhahabu kidogo, fedha kidogo, na pamoja na hivyo madini yenye sumu. Maadamu chombo ni kizima, sumu imefungwa ndani, wala haimdhuru karani aketiye mbele yake. Hatari huanza siku kinapovunjwa, au kuchomwa, au kufukiwa mahali penye maji.

Na tuvitazame kimoja kimoja.

Betri kubwa, kama zile za magari, za umeme wa jua, na zile za akiba zishikazo kompyuta umeme unapokatika, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Risasi tusemayo hapa ni madini yenyewe, mazito na laini, ambayo watu wa kale walitengenezea risasi za bunduki. Tena ndani yake mna tindikali ichomayo ngozi.

Kompyuta na televisheni za zamani, zile zenye kichogo kikubwa, kioo chake kina risasi, na katika televisheni moja kubwa yaweza kupita kilo nzima.

Taa za tyubu zina zebaki. Ni kidogo sana, hupimwa kwa miligramu, lakini taa ikivunjika zebaki hugeuka kuwa mvuke usioonekana wala kunuka, na mtu huuvuta kwa pumzi.

Waya zimevikwa plastiki. Plastiki hiyo ikichomwa hutoa moshi mweusi wenye sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa miaka mingi katika udongo, na katika mafuta ya wanyama na ya watu.

Friji za zamani zina gesi ambazo zikiachiliwa huharibu tabaka la ozoni lililo juu angani, litukingalo na miale mikali ya jua. Kwa sababu hiyo mataifa yalipatana huko Montreal mwaka 1987 kupunguza kuzitengeneza. Basi akataye mrija wa friji ili kupata shaba aiachilia gesi hiyo yote kwa dakika chache.

Betri ndogo za simu na za kompyuta za mkononi zina lithiamu. Zikitobolewa au kupondwa huwaka moto ghafula, na moto wake ni mgumu kuzima.

II. Yaliyotokea Mombasa

Labda mtu atasema, "Haya ni maneno ya vitabu tu. Sisi tumechoma waya tangu zamani, wala hatujaona mtu aliyekufa." Tumjibu kwa habari ya mahali palipo karibu nasi.

Uko mtaa mmoja mjini Mombasa uitwao Owino Uhuru, wenye watu wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya nyumba zao. Betri zilipasuliwa, risasi ikayeyushwa na kufanywa vipande vya kuuzwa ng'ambo. Moshi ulishuka juu ya mabati ya nyumba, na maji machafu yalipita karibu na mahali watoto walipocheza. Watu walifurahi kwanza, maana kazi imekuja. Baadaye wakaanza kukohoa, na watoto wakaugua ugonjwa usiojulikana.

Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa na kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaugua sana. Waganga walidhani ni malaria, au homa ya matumbo, lakini dawa hazikumfaa. Damu yake ilipopimwa, ikaonekana ya kuwa mtoto ana risasi mwilini, nayo aliipata katika maziwa ya mama yake. Mama huyo akaiacha kazi, akaanza kuwatetea majirani. Alikamatwa, akatishwa, lakini hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Phyllis Omido alipewa Tuzo ya Goldman, ambayo hupewa watu waliotetea mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru watu wa Owino Uhuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitangua hukumu hiyo, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha. Hesabuni wenyewe: tangu kiwanda kufungwa mpaka neno la mwisho la mahakama ilipita miaka kumi. Mtoto aliyekuwa wa miaka mitano alikuwa amefika kumi na tano.

Tumeileta habari hii kwa sababu moja. Kila betri iliyoyeyushwa pale ilikuwa na mwenyewe. Moja ilitoka katika gari, nyingine katika duka, nyingine katika ofisi. Mwenye kuiuza hakukusudia kumdhuru mtoto yeyote. Aliona betri imekufa, akaitoa, akapokea fedha yake, akasahau. Yeye alisahau, lakini risasi haikusahau njia yake. Shirika la Afya Duniani lafundisha ya kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Lafundisha tena ya kuwa mtoto aliyeila risasi huichukua mwilini mara nne au tano kupita mtu mzima. Nayo huupiga ubongo. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, na mwalimu, asipojua, humwita mvivu.

III. Yaliyotokea Accra na Guiyu

Sasa tuiache pwani yetu twende Afrika ya Magharibi, tuone habari za moto. Mjini Accra, nchini Ghana, palikuwa na uwanja mkubwa wa vyuma chakavu mahali paitwapo Agbogbloshie. Vijana walichoma waya ili plastiki iungue ibaki shaba. Kuku walitembea katika majivu yale wakila walichokiona. Wapimaji walichukua mayai ya kuku wale. Wakakuta ya kuwa mtu akila yai moja tu hupita mara 220 kiasi cha dioksini ambacho mabingwa wa chakula wa Ulaya wakihesabu kuwa cha kuvumilika kwa siku. Mwaka 2021 serikali iliubomoa uwanja ule, na wachomaji wakatawanyika kwenda mahali pengine.

Ninyi mfugao kuku, lifikirini neno hili. Yai kwa macho lilikuwa yai jema. Hapakuwa na harufu wala rangi ya kumwonya mlaji. Na majivu ya waya yaliyo nyuma ya ofisi yetu si ya namna nyingine. Ni machache kuliko yale ya Accra, lakini kuku wetu hula hapo hapo kila siku.

Huko Guiyu, kusini mwa China, watu walifanya kazi nyingine kwa miaka mingi. Walizichoma bodi za kompyuta juu ya makaa, au kuzitia katika tindikali kali ili wapate dhahabu. Mwaka 2007 wataalamu waliandika ya kuwa watoto wa Guiyu walikuwa na risasi nyingi katika damu kuliko watoto wa mji wa jirani usiofanya kazi hiyo. Dhahabu ilikwenda mbali, risasi ikabaki nyumbani.

IV. Mali iliyomo

Tumesema habari za sumu. Sasa tuseme habari za mali, maana asiyejua mali iliyomo hawezi kuelewa kwa nini watu huhangaikia takataka.

Watu wa Geita wajua kazi ya dhahabu. Mara nyingi tani nzima ya mawe ya mgodi hutoa gramu chache tu. Lakini tani moja ya simu kuukuu ina gramu zaidi ya 100. Wajapani walilionyesha jambo hili kwa namna ya ajabu. Tangu mwaka 2017 mpaka 2019 waliwaomba wananchi walete simu na vyombo vidogo vya umeme vilivyokwisha kazi. Walipata tani zipatazo 79,000, na kati yake simu zaidi ya milioni 6. Vilipofunguliwa na kusafishwa vilitoa dhahabu kilo 32, fedha kilo 3,500, na shaba nyeusi kilo 2,200. Kwa madini hayo zikatengenezwa nishani zote zipatazo 5,000 za michezo ya Olimpiki na ya Paralimpiki ya Tokyo.

Basi vitu hivi si takataka tupu. Kila chombo kilichofunguliwa vema hupunguza haja ya kuchimba mlima mwingine. Lakini angalieni: mali hiyo haipatikani kwa nyundo na kiberiti. Hupatikana katika karakana zenye mashine za kuzuia moshi na za kusafisha maji. Mtu wa nyumbani aweza kupata shaba na chuma, lakini dhahabu humponyoka, na sumu humbakia.

Mwaka 2022 dunia nzima ilitoa tani milioni 62 za taka za umeme. Zilizojulikana kwa hakika kuwa zilikusanywa na kufanyiwa kazi kwa taratibu njema hazikufika robo. Katika Afrika hazikufika hata moja katika mia. Nyingine zote zilikwenda shimoni, motoni, stooni, au mikononi mwa watu wasio na glavu.

V. Siri zilizomo

Iko hatari nyingine ambayo haina moshi. Kompyuta ya zahanati ina majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Ya shule ina alama za wanafunzi na habari za wazazi. Ya usharika ina majina ya watoaji wa sadaka, na pengine barua za watu walioleta shida zao kwa siri. Mtu husema, "Nimefuta yote." Lakini kufuta majina ya mafaili ni kama kurarua ukurasa wa yaliyomo katika kitabu, kurasa nyingine zote zimebaki, na mwenye ujuzi aweza kuzisoma.

Mwaka 2009 filamu ya televisheni ya Marekani ilionyesha waandishi wa habari walionunua diski kuukuu sokoni nchini Ghana. Ndani ya moja walikuta mikataba ya kampuni kubwa iliyofanya kazi na serikali ya Marekani. Ikiwa siri za namna hiyo zilifika sokoni, siri za zahanati yetu zitazuiwa na nini? Tena nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Basi kuzilinda habari za watu ni uungwana, na tena ni amri ya sheria.

VI. Sheria zasemaje?

Mataifa yaliona ya kuwa nchi tajiri zapeleka taka zenye sumu katika nchi maskini. Kwa hiyo yalifanya Mkataba wa Basel mwaka 1989, na nchi za Afrika zikafanya Mkataba wao wa Bamako mwaka 1991. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa Mkataba wa Basel, taka za umeme zote, zenye sumu na zisizo na sumu, hazipasi kuvushwa mpaka nchi izipokeayo imeambiwa na kukubali kwanza.

Nchini Tanzania iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za taka za vyombo vya umeme za mwaka 2021. Mambo hayo husimamiwa na ofisi ya taifa ya mazingira. Akusanyaye taka hizo au kuzisafirisha hutakiwa kuwa na kibali. Nchini Kenya jambo hili lasimamiwa na NEMA, na Nairobi kuna WEEE Centre wafanyao kazi ya kuvifungua vyombo hivi. Nchini Rwanda kimejengwa kiwanda cha kazi hiyo huko Bugesera. Basi mtu asiseme ya kuwa njia haipo. Iko, ila wengi hawajaiuliza.

VII. Basi tufanyeje?

Kwanza, tuandike. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karani aingie stoo pamoja na shahidi mmoja, aandike kila chombo: ni nini, kilipatikana mwaka gani, kina ubovu gani. Kazi hii yahitaji siku moja tu, nayo ni mwanzo wa yote.

Pili, tutenge vizima na vibovu. Fundi avitazame. Kompyuta nyingi husemwa zimekufa, kumbe zahitaji kifaa kidogo au kusafishwa vumbi. Chombo kinachotengenezeka kitengenezwe, maana kukitumia miaka mitatu zaidi ni bora kuliko kukiyeyusha. Ikiwa hatukihitaji, tuwape wakihitajio. Lakini tusimpe mtu kitu kibovu tukakiita zawadi. Huko ni kumhamishia jirani takataka zetu.

Tatu, tuondoe siri. Fundi mwaminifu aiandike upya diski nzima ili yaliyokuwamo yasisomeke tena, au aitoboe mbele ya shahidi. Isichomwe moto. Kisha waandike ya kuwa imefanyika, watie sahihi.

Nne, tuhifadhi vema. Vyombo vikae mahali pakavu penye kufuli, mbali na watoto. Betri kubwa zisimame wima juu ya ubao au sinia la plastiki. Mtu asiimwage tindikali yake, maana ndani ya tindikali hiyo mna risasi iliyoyeyuka. Betri ndogo zilizovimba zitengwe peke yake, mbali na karatasi, wala zisitobolewe. Taa za tyubu zirudishwe katika maboksi yake zikiwa nzima. Moja ikivunjika, watu watoke, madirisha yafunguliwe, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio wala kwa mikono mitupu.

Tano, tuulize kibali. Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote, tumwombe aonyeshe kibali chake, na tuulize ofisi ya mazingira ya wilaya kama ni halali. Tumwulize pia: Vyombo hivi wavipeleka wapi? Bodi zake zafunguliwa na nani? Mtu mwaminifu hakasirikii swali hilo.

Sita, tupokee hati. Hati ionyeshe idadi, uzito, tarehe na mahali vilipokwenda. Hapo ndipo karani avifute katika daftari ya mali, si kabla.

Saba, tununue kwa akili. Tunaponunua chombo kipya tumwulize mwuzaji: Kikifa, utakipokea? Vipuri vyake vyapatikana? Kitu cha bei ndogo kisichotengenezeka hurudi stooni upesi. Watu wa zamani walisema, rahisi ghali.

VIII. Majibu kwa wenye shaka

Mmoja atasema, "Vitu vyetu ni vichache, kompyuta mbili na betri tatu. Nani atakuja kwa vitu hivyo?" Ni kweli, gari haliji kwa kompyuta mbili. Lakini shule ina kumi, zahanati ina tano, ofisi ya kijiji ina nne, na usharika wa jirani una sita. Wakikubaliana siku moja ya kukusanya, mzigo utatosha gari. Kazi ya namna hiyo yawafaa sana ninyi wainjilisti na walimu, maana mwajulikana katika nyumba zote na watu huwasikiliza.

Mwingine atasema, "Mnunuzi wa vyuma chakavu atupa fedha, na hao wenye kibali huenda wakataka tuwalipe." Hata hili ni kweli mara nyingine. Wala mnunuzi huyo si adui yetu. Ni kijana anayetafuta riziki, na yeye ndiye wa kwanza kuivuta sumu. Tumwuzie chuma kitupu: miguu ya vitanda, fremu za madirisha, mabati. Lakini betri, bodi, taa na viwambo tusimpe, kwa kuwa shilingi elfu chache tuzipokeazo zalipwa na mapafu yake na damu ya watoto wake. Usharika au shule iweke fedha kidogo kila mwaka kwa kazi hii, kama iwekavyo ya kutengeneza paa.

Wa tatu atauliza habari za zawadi. Sharika nyingi zina marafiki ng'ambo, huko Ujerumani, Sweden na Marekani, nao wakibadili kompyuta za ofisi zao hupenda kutupelekea zile za zamani. Twawashukuru. Lakini si utovu wa adabu kuwaandikia kabla ya kupokea: Je, zimejaribiwa, nazo zafanya kazi? Zimebakiwa na miaka mingapi? Betri zake ni nzima? Zikifa, mtatusaidia gharama ya kuziondoa? Rafiki wa kweli atajibu kwa furaha. Na kama jibu ni kwamba hazijajaribiwa, basi tuseme kwa upole, "Ahsanteni, hatuwezi kuzipokea." Kontena la vyombo vibovu hupokewa kwa nyimbo siku moja, kisha hujaza stoo miaka kumi.

Ndugu wasomaji, ofisi zetu zitaendelea kununua vyombo hivi, maana kazi imekuwa ngumu kufanyika bila hivyo. Hatusemi viachwe. Twasema mwenye kukipokea chombo kwa furaha siku kinapotoka katika boksi, akikumbuke pia siku kinapotoka mlangoni. Wiki hii mwenye ufunguo wa stoo na aufungue mlango, aingie na daftari, aanze kuandika.

Maswali ya kuulizana

1. Katika stoo ya mahali petu pa kazi mna vyombo gani vilivyokwisha kazi? Vimekaa muda gani?
2. Kwa nini betri nzima haimdhuru mtu, bali iliyopasuliwa yadhuru mtaa mzima?
3. Watu waliouza betri kuukuu hawakukusudia kuwadhuru watoto wa Owino Uhuru. Je, wajibu wao ulikwisha walipozitoa? Toeni sababu.
4. Ni siri za nani zilizomo katika kompyuta zetu, na nani atashuhudia zikiondolewa?
5. Ni ofisi zipi za jirani twaweza kukusanya pamoja nazo, na nani ataziandikia barua?